Niliandika "ametishia" kwenye muhtasari wa kikao, kumbe mzee alikuwa anatuonya

Wakuu, nawasalimu wote, wale wa kusoma kimya kimya na wale wa kubishana mpaka bando likate.

Leo nimekuja kujisema mwenyewe. Haya yalinipata mimi, sio rafiki yangu wala jirani yangu. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika nakutana nao sokoni kila wiki, lakini kilichotokea ndicho hiki, sijaongeza chumvi.

Wanaonifahamu humu wanajua mimi ni mtu wa hoja. Nikiingia kwenye uzi, lazima mtu anyamaze.

Ugonjwa huu niliupata sekondari, kule Iringa, nilipokuwa mwenyekiti wa debate. Wiki hii natetea kwamba mjini ni bora kuliko kijijini, wiki ijayo natetea kwamba kijijini ni bora kuliko mjini, na zote nashinda. Watu wanapiga meza. Nikakua nikiamini kwamba mtu akinyamaza, basi ameshindwa.

Mke wangu alinishtukia mapema. Aliwahi kuniambia, "Baba Tumaini, nikisema chumvi imeisha, wewe unasikia nimesema hujui kutunza familia. Halafu unajibu hilo la familia, na chumvi hainunuliwi."

Nikamjibu kwamba hiyo sio hoja, ni lawama.

Tuendelee.

Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya, lakini huu ni mwaka wa saba nalima mpunga Ubaruku, huku bonde la Usangu. Nina majaruba yangu machache kwenye mfereji ambao tunautumia kikundi cha wakulima wapatao arobaini. Kwenye kikundi mimi ni katibu. Nilichaguliwa kwa sababu naandika haraka. Hakuna aliyeuliza kama naandika kweli.

Mwenyekiti wetu ni Mama Kaduma. Ni Mhehe, muuguzi mstaafu, alifanya kazi miaka mingi hospitali ya Tosamaganga, kule Iringa, kabla hajashuka huku kulima. Mama mpole, ila akikuangalia kwa juu ya miwani unakumbuka dhambi zako zote.

Sasa, ng'ambo ya mfereji wetu wanaishi wafugaji. Wengi ni Wasukuma, wazazi wao walihamia Usangu zamani na ng'ombe zao. Kila asubuhi ng'ombe zinavuka mfereji kwenda malishoni, jioni zinarudi. Pana sehemu moja ya kuvukia, tunaiita kivuko, na pale tuta la mfereji lilikuwa limesagwasagwa kwa kwato mpaka maji yanatuama.

Mwezi wa kwanza, watu ndio kwanza wamemwaga mbegu kitaluni, tukaitisha kikao. Ajenda ilikuwa moja tu, kufunga kivuko.

Tulikutana uwanjani kwa mashine ya kukoboa, saa nne asubuhi. Mama Kaduma alisema sio haki kujadili njia ya watu wakiwa hawapo, hivyo wafugaji wakamtuma Mzee Maduhu.

Mzee Maduhu, wakuu, ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa anaomba maji ya kunywa. Na akizungumza anaanzia mbali. Ukimuuliza saa, anaanza kukueleza jua lilivyochomoza.

Siku ile alianzia kwa baba yake. Wakati wanahamia huku, kulikuwa na ng'ombe jike mwekundu aliyekuwa kiongozi wa kundi, na huyo ng'ombe alikuwa hapendi maji ya matope. Dakika kumi bado tupo kwa ng'ombe mwekundu. Watu wanapiga miayo.

Mimi nilikuwa nimeweka simu mezani inarekodi, maana ndivyo nifanyavyo vikao vyote. Na kwa kuwa simu inasikiliza, mimi nikaona sina haja ya kusikiliza. Nikawa naandika pembeni ya daftari kichekesho nitakachomjibu nacho.

Narudia, wakuu. Mtu anaongea, mimi natunga kichekesho.

Mwishoni nikasikia, kwa sikio moja, maneno kama "mkifunga" na "ng'ombe watapita" na "mimi nitashindwa kuwazuia". Yakanitosha. Nikanyanyua mkono, "Muda, mzee, muda!" Akakatisha.

Nikasimama.

"Wajumbe, mmesikia wenyewe. Mzee wetu anasema tufunge, tusifunge, ng'ombe zake zitapita zinapotaka na yeye hatazizuia. Huu ni ushauri au vitisho? Kama ng'ombe ndio wanaoamua, basi tuwape kadi za uanachama, na mwaka kesho wagombee uenyekiti!"

Uwanja ulipasuka. Mtu mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nilijisikia niko sekondari tena, meza zinapigwa. Tukapiga kura, kivuko kifungwe. Wachache sana walikataa.

Mzee Maduhu hakubishana. Alichukua fimbo yake, akapita karibu na meza yangu, akasema taratibu, na kwake taratibu ni sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Katibu, umejibu vizuri sana. Ila uliyemjibu sio mimi."

Nikaona ni maneno ya mtu aliyeshindwa.

Nyumbani nikakaa kuandika muhtasari. Kwenye nafasi ya mchango wake nikaandika sentensi moja: "Mwakilishi wa wafugaji ametishia kuachia ng'ombe mashambani endapo kivuko kitafungwa." Nikaipenda sentensi ile. Fupi, imenyooka, ina nguvu. Nakala moja nikaipeleka kwa mtendaji wa kijiji, ikapigwa muhuri.

Kivuko tukakifunga kwa miti ya miba na mtaro.

Kama wiki mbili baadaye, asubuhi, nasikia simu. Ni Mama Atu, jirani yangu wa shamba. Mama Atu hana maneno mengi. Alisema, "Baba Tumaini, njoo uone," akakata.

Nilikuta maji.

Tangu tufunge, ng'ombe zilikuwa zinapanda juu mpaka kwenye kona ya mfereji kuvukia pale, na jana yake jioni zikalimaliza tuta. Tuta la kona lile ni la mchanga. Lilikuwa limebomoka upana wa mlango wa gereji, na maji yote yanashuka kwenye vitalu viwili vilivyo chini yake, cha Mama Atu na changu. Miche iliyokuwa kijani jana ilikuwa imelala kwenye tope, mingine inaelea. Mama Atu alikuwa amesimama na khanga amejifunga kiunoni, magoti yote tope, anaokota miche mmoja mmoja kama mtu anayeokota mchele uliomwagika sakafuni.

Sikuwa na kichekesho siku hiyo.

Habari zilisambaa haraka kuliko yale maji. Kufikia saa tatu vijana wa kikundi wamejaa kwenye kona, wengine na mapanga waliyokuja nayo toka shambani. Na unajua walikuwa wanasema nini? Walikuwa wananinukuu mimi.

"Si alitutishia? Si katibu aliandika?"

"Ipo kwa mtendaji, ina muhuri!"

Wakuu, wanaokaa Usangu wanajua. Mambo ya mkulima na mfugaji sio mambo ya kuwasha kiberiti. Pale niliposimama niliona kabisa kwamba sentensi yangu ile fupi, yenye nguvu, inaweza kumwaga damu ya watu.

Mama Kaduma aliwahi kufika. Akawaambia vijana, "Kwanza zibeni tuta, maji yanapotea. Hasira mtaendelea nayo mkimaliza." Kwa kuwa maji yalikuwa yao, wakaweka mapanga chini wakachukua majembe. Nusu ya hasira iliishia kwenye udongo.

Nusu nyingine ikaenda kwa mtendaji. Mtendaji akatoa muhtasari wangu kwenye faili, akasoma, akasema kama mtu alitishia na kilichotishiwa kimetokea, basi hilo ni la polisi. Akatuma mgambo wakamwite Mzee Maduhu. Akija, apelekwe kituo cha polisi Rujewa.

Mama Kaduma akaniita kando, nyuma ya ofisi.

"Katibu, mzee alisema maneno gani?"

"Alitishia, mwenyekiti."

"Sijakuuliza maana. Nimekuuliza maneno."

Nakumbuka ng'ombe mwekundu, nakumbuka kichekesho changu neno kwa neno, ila maneno ya yule mzee siyajui.

Akavua miwani, akaifuta kwa khanga. "Mimi wodini nilikuwa naandika mgonjwa anavyosema. Akisema tumbo linamchoma, naandika linamchoma. Siandiki mgonjwa anadeka. Hata kama anadeka, mwanangu. Daktari akishasoma 'anadeka', hampimi tena. Una simu yako?"

Nikakumbuka ile rekodi.

Tulisikiliza tumesimama pale nyuma ya ofisi, jua linachoma. Tukapita kwa baba yake, tukapita kwa ng'ombe mwekundu, na kumbe ng'ombe mwekundu alikuwa na maana. Alikuwa anaeleza kwamba ng'ombe wakizibiwa njia huwa hawarudi nyuma, wanafuata tuta kupanda juu mpaka wapate pa kushukia. Halafu akasema hivi, naandika kama yalivyo:

"Mfereji ni wa kwenu, mkitaka kufunga, fungeni. Ila mkifunga, ng'ombe watapita kule kwenye kona, na pale tuta ni mchanga tupu, halina nguvu. Mimi nina fimbo moja na ng'ombe zaidi ya mia, nitashindwa kuwazuia. Nawaambia mapema msije mkasema Maduhu alinyamaza. Kabla ya kufunga, tutafute pengine pa kuvukia. Sisi mikokoteni tunayo, hata mawe tutaso..."

Hapo inasikika sauti yangu. "Muda, mzee, muda!"

Tutasomba. Alikuwa anasema mawe tutasomba. Nilimkata kwenye neno lenyewe.

Mama Kaduma hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Haya, twende ndani."

Ofisi ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Mzee Maduhu amefika, amekaa kwenye benchi, fimbo kaiweka katikati ya magoti. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mzee." Akaitikia. Hata pale.

Nikasimama nikasema mbele ya watu wote kwamba muhtasari una kosa, kosa ni langu, na mzee hakutishia. Wakuu, kusema sentensi hiyo ni rahisi kuiandika hapa kuliko ilivyokuwa. Vijana walewale waliocheka kwa sababu yangu sasa wananiangalia mimi. Mmoja akasema, "Katibu, kwa hiyo siku ile ulikuwa unatuchekesha tu?"

Ndiyo. Nilikuwa nawachekesha tu.

Mtendaji akataka kujua basi mzee alisema nini. Nikashika simu nicheze ile rekodi. Mama Kaduma akanizuia. "Rekodi watasikia baadaye. Wewe sema kwa mdomo wako, na mzee akuambie kama ndivyo. Mpaka aseme ndivyo, hatuendelei."

Nikajua hii ni rahisi, si nimetoka kuisikia sasa hivi?

"Mzee alisema tukifunga, ng'ombe watabomoa tuta, kwa hiyo tusifunge."

"Hapana," Mzee Maduhu akasema. "Sikusema msifunge. Nilisema fungeni."

Watu wakaanza kucheka, na safari hii anayechekwa namjua.

"Alisema tufunge, lakini kwanza tumtafutie njia nyingine."

"Hapana. Sikusema mnitafutie. Nilisema tutafute. Wote."

Herufi mbili tatu tu, wakuu. Tumtafutie, tutafute. Ya kwanza ni mtu anayeomba, ya pili ni mtu anayejitolea. Na mimi bila kujua nilikuwa bado namfanya ombaomba.

Nikaanza upya.

"Mzee alisema mfereji ni wetu na kufunga tunaweza. Lakini ng'ombe lazima wavuke, na wakikosa kivuko watavukia kwenye kona, ambako tuta ni la mchanga, na yeye peke yake hawawezi. Kwa hiyo kabla ya kufunga, wote tutafute pengine, na wafugaji watasomba mawe kwa mikokoteni yao."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Hapo. Hapo ndipo."

Nitawaambia kitu cha ajabu. Nilipomaliza kuitamka hoja yake ikiwa nzima, nilitafuta pa kuiwekea kichekesho, nikakosa. Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mimi sikuwa hata na hoja, nilikuwa na wachekaji wangu uwanjani.

Sasa msije mkadhani hadithi inaishia hapo, mzee ameonekana mwerevu, watu wakapeana mikono. Hapana.

Mama Kaduma akasema, "Kumwelewa tumemwelewa. Kumwelewa mtu sio kumkubali. Sasa tumpime. Nani ana swali?"

Mama Atu akanyanyua mkono. Tope limemkaukia miguuni.

"Baba, shikamoo. Nimekuelewa. Niulize jambo moja. Siku ya mnada, ng'ombe zenu zikifika barabara ya lami, mnazivushaje?"

"Vijana wawili mbele, wawili nyuma. Magari yanasubiri."

"Kwa hiyo huwa zinazuilika."

Mzee akageuza fimbo yake mkononi.

"Wakiwepo watu wanne, zinazuilika."

"Na jana jioni walikuwepo wangapi?"

"Mmoja."

"Ulijua kona ile ni ya mchanga. Ulituambia wewe mwenyewe. Ukapeleka mtu mmoja."

Na wakuu, Mama Atu hakupaza sauti, hakumkejeli, hakumwita jina. Alichukua maneno ya mzee yaleyale, hajayapunguza hajayaongeza, akamwonyesha palipo na tundu. Miaka yangu yote ya debate sijawahi kumshinda mtu vile.

Mzee Maduhu akasema, "Hapo mwanangu umenishika. Nilikasirika, nikasema si niliwaambia? Acha waone. Hilo ni kosa langu."

Mtendaji akafunga faili. Akasema vitisho havipo, kilichopo ni uzembe wa pande mbili, na uzembe unatibiwa kwa kazi. Safari ya Rujewa ikafa.

Tulivyomaliza ni hivi. Kivuko cha zamani tulikifungua, ila kikajengwa kwa mawe, wafugaji wakayasomba kwa mikokoteni siku tatu. Wiki zote za vitalu, ng'ombe zinavushwa na watu wanne, sio mmoja. Kwenye kona tukapanga viroba vya udongo. Na wanachama waliokuwa na miche ya ziada wakatugawia mimi na Mama Atu. Tulipandikiza tukiwa tumechelewa, mpunga wangu ukawa mfupi kuliko wa jirani zangu, lakini ulitoa.

Muhtasari nilitakiwa niurekebishe kwa mkono, sentensi ile niikate mstari, sio niifute, ili isomeke kwamba iliandikwa na ilikatwa. Hilo lilikuwa wazo la Mama Kaduma. Muuguzi hafuti kwenye faili la mgonjwa, anakata mstari anasaini. Nimesaini.

Vijana sasa wananiita Katibu Tafsiri. Nikipita kwa mashine wanauliza, "Katibu, nikisema nina njaa, utaandika nimetukana nani?" Nawaacha. Wana haki.

Mke wangu hakusema neno juu ya jambo hili. Alinunua chumvi mwenyewe.

Nilichojifunza sio kwamba kila mtu yuko sahihi. Mzee Maduhu hakuwa sahihi kote, na mimi kuhusu kivuko kubomoka sikuwa nimekosea. Nilichojifunza ni kwamba hoja ya mtu ina mwenyewe. Ukitaka kuipiga, kwanza iinue isimame, mwenyewe akiri kwamba ndiyo hiyo, halafu ipige. Ukipiga ile uliyoichonga mwenyewe umepiga kinyago, na huyo mtu bado amesimama pale pale na mawe yake ambayo hukumwacha ayataje.

Na humu jukwaani, tuseme ukweli, tunapiga vinyago sana. Mtu anaandika aya sita, mwingine anachukua nusu mstari, anaupiga picha, anaupamba kwa katuni za kucheka, tunampa like mia. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo humu. Kuna wakuu wawili nimewaandikia pembeni kuwaomba radhi. Mmoja amenijibu. Mwingine ameniblock, na nadhani nimemwelewa sawasawa.

Kabla sijapost nilikwenda kumsomea Mzee Maduhu uzi huu wote, maana mimi na yeye sasa tuna utaratibu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, adabu ambayo mimi sikumpa. Kisha akasema, "Sawa, ndivyo. Ila pale kwenye kikao cha kwanza umeniweka mpole sana. Nilikuwa na hasira siku ile. Nilitamani nikuchape na fimbo."

Nikamwambia, mzee, nikiandika hivyo watasema ulitishia.

"Wewe andika. Sio kwamba nilisema. Nilitamani."

Basi nimeandika. Hakusema, alitamani.

Uwanja ni wenu wakuu. Mnaotaka kunipinga karibuni sana, ila anzeni kwa kuandika mimi nimesema nini, nikisema ndivyo, mnipige mtakavyo.